Amri za Kihispania Tulizojifunzia Barazani

Mwanangu Adelina, iko Jumanne moja ambayo haitanitoka. Ulikuwa mgongoni umelala, mate yako yananilowesha shingo, na mimi nimesimama nje ya dirisha la darasa, hapa Kasulu. Ndani, mwalimu alikuwa anamwuliza kijana mmoja: "Watu wengi wako mlangoni. Waamuru wasubiri." Kijana akakuna kichwa. Nikajibu mimi kupitia dirishani: "¡Esperen!"

"Sahihi," mwalimu akasema, kisha akageuka kuangalia ni nani. "Aa, wewe wa nje. Wewe nyonyesha. Hujaandikishwa, kwa hiyo hujasema kitu."

Darasa zima likacheka. Hapo ndipo uvumilivu wangu ulipoisha, mwanangu, wote kabisa.

Ngoja nikueleze tulifikaje huko nje. Kuna madaktari wa macho wanaokuja mwezi ujao kuwapasua wazee wetu mtoto wa jicho, na lugha yao ni Kihispania. Walitakiwa wasaidizi wa kusimama kati yao na wagonjwa. Mimi nina kidato cha nne, nikasema kazi hii ni yangu. Siku ya kwanza ya mafunzo, hapo chuoni, tulikuwa akina mama watano wenye watoto wachanga, wawili wametoka Makere kwa miguu. Mwalimu, ambaye ni mgeni kutoka mkoa mwingine, akatutandikia mkeka barazani. "Akina mama kaeni hapa, kuna hewa."

Sasa sisi Waha, mtu akikutandikia mkeka huulizi. Unainama, unapiga makofi ya shukrani. Tukapiga makofi, wote watano! Tulishukuru kutolewa nje. Wiki tatu tukakaa tumependeza, kumbe majina yanaitwa ndani tu, na asiyeitwa hafanyi mtihani. Asiyefanya mtihani, kazi haipati.

Lakini nisiruhusu hasira ile utamu wote. Lugha yenyewe ilinishika. Neno la kusema ni hablar. Ukimwamuru mtoto au rafiki, unamwambia habla. Ukimwamuru mtu mzima, habla inageuka kuwa hable. Nilishtuka! Si ndivyo tunavyofanya sisi? Mtoto tunamwambia "sema", mkubwa tunamlainishia, "useme, mzee". A yetu inageuka E, na yao inageuka E. Nani aliwafundisha? Halafu maneno yanayoishia na er au ir yanakwenda kinyume: kula ni comer, mtoto anaambiwa come, mkubwa anaambiwa coma, kufungua ni abrir, mtoto abre, mkubwa abra. Na wakiwa wengi, unachukua neno la mkubwa unalibandika n tu: hablen, coman, abran. Sisi tunabandika ni. Nilikuwa nachota maji huku naamuru ndoo.

Basi, Jumanne ile niliingia ndani bila hodi. Nikasimama mbele ya meza yake. "¡Escuche!" Sikiliza. "¡Abra daftari! ¡Lea majina yetu!" Fungua, soma. Utacheka, mwanangu: hata nimechemka hivyo, nilimwamuru kwa maneno ya mkubwa. Malezi hayatoki. Yeye akaninyoshea kidole mlangoni. Ukaamka ukalia, na tukatoka wewe unalia na mimi nalia.

Nyumbani nikamwambia bibi yako mkubwa, yule aliyenilea, kwamba kesho nakwenda kumwaibisha mwalimu sokoni, mbele ya watu.

Bibi alikuwa anamenya muhogo. Hakuinua uso. "Kwanza niamuru kwa hicho Kihispania chako."

"Coma, bibi."

"Na huyo wa mgongoni?"

"Come."

"Kumbe na wao wana adabu." Akamenya kidogo. "Leo ulipopiga kelele, jina lako likaandikwa?"

"Hapana."

"Na mkeka ulipotandikwa, mlipiga makofi?"

"Tulipiga, bibi."

"Mlikosea mara mbili. Mlishukuru kabla ya kuuliza, na wewe umefoka kabla ya kuandika. Kuku hupiga kelele akitaga, na yai huchukuliwa vile vile. Serikali ilikusomesha ili ufoke? Kufoka hata mimi naweza, na sijui A."

Iliniuma, kwa sababu ni kweli. Nikaosha mikono, nikachomoa karatasi.

Kwa hiyo sikia, mwanangu. Heshima uliyopewa ichunguze kabla hujaipigia makofi, uliza, "Hapa nilipo, nahesabiwa?" Ukiwa na hasira usiimwage njiani kama maji machafu, ipeleke kwa mwenye uwezo wa kutengeneza, ikiwa na tarehe na sahihi. Na usiache kujifunza eti kwa sababu aliyekufundisha alikudharau. Aliyedharau ni yeye. Ulichojifunza ni chako. Mungu akupe sauti inayosikika na mkono usiotetemeka ukishika kalamu. Ukue, uzae, na usisimamishwe nje ya dirisha la mtu.

Barua niliipeleka Alhamisi asubuhi, wewe mgongoni. Karani akaigonga muhuri wa "Imepokelewa". Jibu bado nalingoja, na nakala yako hii hapa:

*Kwa Mkuu wa Chuo.*

*YAH: MALALAMIKO YA KUTOANDIKISHWA KWENYE MAFUNZO YA KIHISPANIA*

*Husika na kichwa cha habari hapo juu. Sisi akina mama watano tumehudhuria mafunzo haya kwa wiki tatu tukiwa barazani, na majina yetu hayajaitwa hata mara moja. Tuliwekwa nje kwa sababu ya watoto. Tangazo lililobandikwa ukutani halikusema mwenye mtoto asije.*

*Ninaomba majina yetu yaandikwe kabla ya mtihani wa Ijumaa ijayo, na tufanyie mtihani ndani. Hatuombi kupunguziwa swali hata moja. Atakayeshindwa ashindwe kwa kuwa hajui, si kwa kuwa amezaa.*