Pole Iliyokatazwa

Mimi ni msusi, na msusi asiyeongea atafunga duka. Mume wangu ni fundi wa lifti, naye tangu nimjue maneno kwake ni ya kubana. Ukimuuliza kama chakula kimekolea chumvi anatikisa kichwa, nawe ubaki kukisia ametikisa kwa ndiyo au kwa hapana. Tuliishi hivyohivyo, mimi nikiongea kwa niaba ya wote wawili, na tulikuwa na raha zetu.

Lifti iliyotuletea balaa ilikuwa katika jengo la maofisi ambalo kampuni iliyomwajiri ndiyo iliyolitunza. Nyaya zilichakaa. Akawaambia wakubwa zake ifungwe, wao wakamwambia aiwashe, nyaya mpya ziko njiani. Akaiwasha. Hilo ndilo alilofanya, na ndilo lililomkaa kooni.

Ilipoporomoka, aliyekuwa ndani ni binti wa jirani yetu, mfagiaji wa ofisi za juu. Tulimwita Kicheko, maana alicheka kabla hujamaliza utani wako. Mama yake ni mjane, na huyo ndiye mtoto pekee aliyekuwa naye. Tunakaa ua mmoja, tunachota bomba moja. Mume wangu ndiye aliyewahi kufika pale chini kabla ya watu wote.

Hatujazika, wakili wa kampuni huyo hapa, ameketi kwenye kiti changu na tai yake.

"Fundi, usiende msibani," akasema. "Na ukikutana na mama wa marehemu usimwambie pole. Neno lako lolote litasomwa mahakamani kwamba tumekubali kuwa kampuni ni liable."

Nikashindwa kujizuia. "Pole? Jamani, pole anapewa hata aliyejikwaa barabarani! Jiwe si letu, barabara si yetu, na pole tunampa!"

"Mama, kwa Kiingereza ukisema pole umekiri kosa."

"Basi sisi hatukufiwa kwa Kiingereza."

Akanipuuza. Akamgeukia mume wangu, akamweleza taratibu kwamba akifungua mdomo kazi hana, na huenda naye akaunganishwa kwenye kesi. Mume wangu akatikisa kichwa, na safari hii sikuhitaji kukisia. Nikaenda msibani peke yangu, nikakaa kwenye mkeka na aibu yangu.

Baada ya mazishi yule mama alinifuata bombani. Hakugomba. Angegomba ningejua la kujibu.

"Mumeo alikuwa pale," akaniambia. "Niulizie kitu kimoja tu. Mwanangu alikufa peke yake?"

Nikampelekea mume wangu swali hilo kama lilivyo. "Wakili," akasema, akageukia ukuta. Nikamuuliza keshoye, nikamuuliza wiki iliyofuata, nikalia, nikamtukana. Kimya kama maji ya mtungi. Na yule mama akawa kila akiniona ananitazama tu, ndoo mkononi, anangoja jibu. Nikaanza kwenda kuchota maji jua likiwa kali, saa ambayo watu wote wamejifungia ndani.

Ndipo nyumba ikaanza kutushinda. Mchana kweupe, nikidondosha sufuria, mume wangu anainua uso na kusema, "Niko hapa. Siendi popote." Anasema na mtu, lakini si mimi. Mara ya kwanza nilicheka, nikadhani ananitania. Mara ya pili nikatazama kule anakotazama, nikaona pazia na kabati langu tu. Mimi mwenyewe siku moja nilisikia mtu anacheka mlangoni mwa saluni, kicheko kilekile. Nikageuka na kitana mkononi. Mlangoni hapakuwa na mtu, na mteja wangu akaniuliza namtafuta nani.

Mteja huyo alikuwa karani wa mahakama. Nikamuuliza, hili neno liable lililoingia nyumbani kwangu ni nini hasa?

"Si sawa na kuwa na hatia," akasema, shingo ameinamisha nimsuke. "Mwenye hatia ni aliyetenda. Liable ni yule ambaye sheria inamtwika jambo, inamwambia hili ni lako, libebe. Anaweza kuwa hakuwepo kabisa. Dereva akigonga mtu kazini, tajiri wake aliyelala nyumbani ndiye liable."

"Na aliyekuwepo?"

"Aliyekuwepo anaweza akatoka bila kitu."

Nikamvuta nywele hadi akapiga yowe. Nilimwomba radhi, lakini neno lile lilikuwa limenichoma.

Kesi ya fidia, ambayo yule mama alimwachia wakili wake, ilikokotwa hata tukazoea kuishi hivyo. Hatimaye hakimu akasoma: kampuni ni liable, fundi alitii amri, hana la kujibu. Wakili akamshika mume wangu bega pale kwenye ngazi za mahakama. "Uko huru, fundi. Sasa sema utakalo."

Hatukuingia hata ndani kwetu. Tulivuka ua na nguo zetu za mahakamani, tukapiga hodi. Yule mama akafungua, akatukaribisha viti, mwenyewe akabaki amesimama.

"Pole, mama," mume wangu akasema. "Hakuwa peke yake. Mlango ulikuwa umepasuka, nikapitisha mkono, akaushika. Akasema, fundi, usiondoke. Nikamwambia niko hapa, siendi popote. Sikuondoka mpaka mkono wake ulipoachia."

Yule mama hakutikisika. "Alisema nini kingine?"

"Alisema, mwambie mama ale, asinisubiri."

Nilidhani ataanguka, nikainuka nimdake. Akanizuia kwa kiganja, akaketi mwenyewe, polepole.

"Nilimsubiri," akasema. "Chakula kilipoa, nikakipasha. Kikapoa tena. Mpaka leo nikiketi kula namwona yuko gizani mle ndani, anaita, hakuna anayemjibu. Kila siku, baba. Na wewe uko ng'ambo ya ua huu unajua kwamba alijibiwa."

"Walinikataza, mama. Niliogopa."

"Hakimu kasemaje?"

"Kasema sina la kujibu."

Akamtazama bila hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

"Ungenijibu siku ile," akasema, "ningekusamehe hata kama nyaya ungezikata wewe mwenyewe."

Kisha akatuomba tumfungie mlango tukitoka.