Mtani wa Nusu Kidonge

Tuliokuwa kwenye dirisha la dawa pale Newala ni muuguzi, mgonjwa wake Mama Zuhura ambaye ni Mmakonde, mzee wa Kiyao ambaye ni mtani wa Mama Zuhura, na mimi na mwanangu mgongoni.

Mama Zuhura amemeza vidonge vya wasiwasi miaka mingi. Aliwahi kuviacha ghafla, akatetemeka hadi akalazwa.

Muuguzi akamwambia, "Mama, daktari anataka tupunguze taratibu. Anza na nusu."

Mama Zuhura akashika nondo za dirisha. "Nikitetemeka tena nani ataniona? Naishi peke yangu."

Mzee akadakia, "Wamakonde bwana! Nusu kidonge tu mnalia? Nitakuja kila jioni nikucheke."

"Kwani ninyi Wayao hamna kazi?"

"Kazi yangu ni wewe."

Mama Zuhura akacheka, mkono ukaachia nondo. Muuguzi akamgeukia mzee bila utani: "Ukiona anazidiwa, mlete hapa mara moja."

Wapo wanaosema utani ni ukosefu wa adabu. Mimi naona ni bahati kupata mtu wa kukutukana kila jioni kwa ajili ya afya yako.

Mzee alikwenda kwake kweli, kila jioni. Juzi daktari alipunguza tena, na Mama Zuhura sasa anameza robo.