Kifungu cha Kumi na Nne

Chuoni pale hakuna aliyemwita kwa jina lake. Walimwita Kabati, na wa kulaumiwa alikuwa yeye mwenyewe. Kila mkubwa aliyeshuka chini kwenye kile chumba cha baridi na kuuliza ni nini kinachonguruma, alijibiwa hivi: "Ni kabati tu, mkubwa. Nyinyi mnaandika, mimi natunza." Aliwaambia hivyo wakuu wa chuo watatu waliopokezana kiti, mpaka jina likamganda, na wanafunzi waliofika juzi wakadhani ndilo alilopewa na wazazi wake.

Mitambo ile ya kompyuta ya kuhifadhi data ilikuwa ya wote. Wahandisi waliweka humo michoro yao, madaktari picha za mifupa, watu wa hali ya hewa mvua zao za miaka thelathini, na watu wa lugha sauti za wazee. Kabati aliilinda kwa miaka ishirini na sita. Koti lake la sufi lilining'inia nyuma ya mlango, viwiko vimetiwa viraka na mkewe, na kabla hajatazama kipimajoto, shingo yake ilikwisha kumwambia kama chumba kimepata joto.

Alikuwa amebakiza miezi minane astaafu pale chuo kilipopata fedha za kununua hifadhi mpya, akaambiwa aandike vipimo. Mtu wa nje anaweza kudhani hiyo ni kazi ya karatasi tu. Sivyo. Zabuni ikishatangazwa, mdomo wako umefungwa, unaletewa ulichoandika, si ulichokuwa nacho kichwani. Ukisahau kutaja bawaba, kabati linakuja bila bawaba, na muuzaji hana kosa hata chembe.

Aliandika wiki tatu. Vifungu kumi na vitatu vya mwanzo vilikuwa vya kawaida: ukubwa, kasi, umeme, dhamana ya miaka mitano. Cha kumi na nne alikifuta na kukirudia mara nyingi, mwisho kikakaa hivi: "Diski zote thelathini na sita zisitoke katika mkupuo mmoja wa kiwandani. Ziwe za mikupuo isiyopungua mitatu, na tarehe za kutengenezwa zipishane kwa mwezi mmoja au zaidi."

Siku mbili baadaye afisa ununuzi akamwita. Alikuwa mwanamke makini, mwenye kalamu nyekundu na meza isiyo na hata kipande cha karatasi kilicholala upande.

"Mzee Kabati, hiki cha kumi na nne kinanipa taabu."

"Taabu gani, mama?"

"Wauzaji wengi wanaagiza katoni nzima nzima. Watakaoweza kuchanganya hivi hawazidi wawili. Mkaguzi akija ataniuliza tulikuwa tunambeba nani. Nitamjibu nini?"

"Mwambie ni kwa usalama."

"Kila mtu anasema usalama, mzee wangu. Nipe sababu iliyoandikwa." Akavuta faili, akalifungua palipowekwa alama. "Nimeitafuta mwenyewe. Ripoti ya ajali ya miaka minne iliyopita hii hapa. Inasema umeme. Habari ya mikupuo haimo. Kwa ripoti hii, mimi naona tukifute, hela iliyobaki inunue vilinda umeme. Kamati inakaa Alhamisi."

Kabati aliitazama ile ripoti. Chini kabisa palikuwa na sahihi moja, nayo ilikuwa yake.

Sasa mambo yalikuwa hivi. Hifadhi iliyotangulia ilinunuliwa miaka tisa nyuma. Alipofungua katoni, Kabati aliona diski zote ishirini na nne zina tarehe moja, namba zake zimefuatana kama watoto wa shule kwenye mstari. Alijua maana yake. Ndani ya hifadhi, diski hushikiliana: ikifa moja, zilizobaki hubeba mzigo wake mpaka uweke nyingine. Zikifa mbili, bado zinajikongoja. Ya tatu ikifuata kabla hujaziba pengo, vyote vimekwenda. Na diski zilizotengenezwa siku moja, zikaanza kazi siku moja, zikabeba mzigo sawa, zina tabia mbaya ya kuchoka pamoja. Hata muuzaji alilijua hilo. Alimwambia, "Nipe wiki mbili nikubadilishie nusu." Lakini ufunguzi ulikuwa Ijumaa, wageni wamealikwa, utepe umeshanunuliwa. Kabati akasema hakuna haja.

Zilifanya kazi miaka mitano. Kisha wiki moja ya mvua umeme ukakatika, ukarudi, na asubuhi yake diski moja ikafa. Akaibadilisha. Ile mpya ilipokuwa inajazwa, na wenzake wanafanya kazi maradufu, ikafa ya pili, na kabla ya saa sita mchana zikafuata ya tatu na ya nne. Nakala ya akiba haikuwepo. Ilikuwa imeahidiwa kwenye bajeti ya mwaka ujao, kila mwaka. Mashine ziliendelea kunguruma vile vile, ila ndani hamkuwa na kitu.

Wengi walikuwa na nakala zao majumbani, wakalalamika wiki moja wakanyamaza. Asiyekuwa na kitu alikuwa mwalimu mmoja wa kike wa lugha. Kwa miaka saba alikuwa amezunguka na kinasa sauti, akiwarekodi wazee wa lugha ya kwao, lugha ambayo wasemaji wake walikuwa wanahesabika. Zaidi ya saa mia tatu. Mama yake mzazi alikuwa mmoja wa wale wazee. Zamani alikuwa akibeba nakala zake mkobani, mpaka siku Kabati alipomtania: "Mwalimu, achana na hivyo vidude vya mfukoni. Weka kwenye kabati, ndiko salama." Akamwamini, akafuta vidude vyake ili avitumie tena.

Ripoti Kabati aliiandika wiki ile ile: hitilafu ya umeme. Haikuwa uongo mtupu, umeme ulikatika kweli. Na umeme haujitetei. Kila mtu alikubali, chuo kikaendelea kwa diski za kuokoteza, na yule mwalimu, ambaye mama yake alikwisha kuzikwa, alikuja ofisini kumpa pole yeye. "Pole, kaka," alisema. "Umeme hauna adabu." Tangu siku ile akawa anamwita kaka, na kila alipomwita, Kabati alitamani sakafu immeze.

Jumapili kabla ya kamati alikaa mezani na mkewe, muuguzi mstaafu, mtu asiye na subira na mgonjwa anayeficha maumivu. Alikuwa peke yake aliyejua.

"Hicho kifungu kinataka nini ili kipite?" aliuliza.

"Kinataka niseme."

"Basi sema."

"Mama watoto, nimebakiza miezi minane. Niondoke na barua ya onyo?"

Mkewe akawa anakusanya sahani. "Wewe umebakiza miezi minane. Na yule mwalimu amebakiza nini?"

Kabati alikasirika hasa, akatoka kwenda kurekebisha mlango wa uani ambao haukuwa na ubovu wowote.

Alhamisi kamati ilikaa, watu saba kwenye meza ndefu, na mwakilishi wa watumiaji alikuwa yule yule mwalimu wa lugha. Afisa ununuzi alieleza hoja yake kwa haki, bila kutia chumvi: ripoti inasema umeme, kifungu kinabana ushindani, kifutwe. Mwenyekiti akauliza kama mtaalamu ana la kuongeza.

Kabati alisimama. Alikuwa amejiandalia maneno mazuri, yote yakamkimbia.

"Ile ripoti niliandika mimi," alisema, "na si kweli. Umeme ulikatika, lakini umeme ungeua moja tu. Zile nyingine zilikufa kwa sababu zote zilikuwa za mkupuo mmoja. Niliambiwa nisubiri wiki mbili zibadilishwe. Nilikataa kwa ajili ya sherehe. Tukikifuta hiki kifungu tutarudia yale yale, na mimi sitakuwepo wa kuwaambia."

Mwalimu wa lugha alikuwa amemkazia macho.

"Uliziona zile tarehe kabla hujaziweka?" aliuliza.

"Niliziona, Mwalimu."

"Siku uliyoniambia niachane na vidude vya mfukoni, ulikuwa umeshaziona?"

"Nilikuwa nimeshaziona."

Mwalimu alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa mtandio, akaivaa. Mwenyekiti alipouliza nani anaafiki kifungu kibaki, mkono wake ulikuwa wa kwanza kunyooka. Kisha akakusanya karatasi zake, akatoka kabla ya chai.

Afisa ununuzi alimfuata Kabati kwenye korido. "Iandike, mzee wangu. Leo hii hii. Nataka karatasi ya kuweka kwenye faili." Akaongeza kwa sauti ya chini, "Na pole."

Akaiandika. Barua ya onyo ilikuja mwezi uliofuata, akaisoma amesimama. Wenzake wengine walisema mzee amezeeka vibaya, nani alimuuliza? Watu hudai ukitoa la moyoni unapata usingizi mnono. Kabati hakuupata. Alichopata ni kukutana na mwalimu wa lugha kwenye ngazi, kuamkiwa kama anavyoamkiwa mlinzi wa zamu usiyemjua, na kumpisha apite. Iliuma, na alijua inastahili kuuma.

Mzigo ulifika mwezi wa tano baada ya kamati. Kamati ya mapokezi ilikuwa ya watu watatu, na mwalimu wa lugha aliomba mwenyewe awemo. Hakuna aliyemuuliza kwa nini. Katoni tatu zilipangwa kwenye meza ya chumba cha baridi, na yeye akakataa kusaini kwa kuhesabu katoni. Alitaka kila diski itolewe. Kabati alitoa moja moja, yeye akasoma tarehe kwa sauti, afisa ununuzi akatia alama. Kumi na mbili za kwanza, sawa. Kumi na mbili za pili, sawa. Alipofika kwenye katoni ya tatu akasimama.

"Hii ni tarehe tisa. Zile za pili nazo zilikuwa tarehe tisa, mwezi huo huo."

Mtu wa kampuni ya muuzaji akacheka kidogo. "Mama, ni diski zile zile, hazina tofauti. Za tarehe nyingine zitachukua wiki mbili, na nyinyi mnafungua Jumatatu." Akamgeukia Kabati. "Mzee, wewe ndiye mtaalamu. Hebu waeleze."

Mwalimu wa lugha aliweka kalamu chini. Kwa mara ya kwanza tangu siku ya kamati, alimtazama Kabati usoni, akasubiri.

"Zirudi," alisema Kabati. "Tutasubiri."

"Lakini mzee, Jumatatu..."

"Nimesema zirudi." Akaibeba ile katoni mwenyewe mpaka kwenye gari, akipumua kwa shida, akarudi.

Chuo kikafunguliwa bila hifadhi mpya. Simu zikapigwa, maneno yakasemwa, Kabati akayameza. Wiki mbili zikapita, katoni ikaja, diski kumi na mbili zikasomwa moja baada ya moja, na safari hii zilikuwa za mwezi mwingine. Mwalimu wa lugha akasaini.

Wengine waliondoka, yeye akabaki. Kabati alijifanya ana shughuli na nyaya. Zilipokwisha kufungwa na taa za kijani kuwaka zote, mwalimu alifungua mkoba, akatoa simu ya zamani iliyofungwa kwenye leso.

"Kuna dakika nne zilibaki humu," alisema. "Siku hiyo nilikuwa naijaribu simu tu. Mama ananifundisha majina ya vidole. Ziweke."

Kabati alifuta mikono kwenye suruali kabla ya kuipokea. Aliunganisha waya, akanakili, na kama ilivyokuwa kawaida yake tangu ujana wake kazini, akafungua nakala kuhakikisha imeingia nzima. Sauti ya mwanamke mzee ikajaa mle chumbani, ikitaja neno moja, kisha la pili, polepole, kwa lugha asiyoijua. Kufika kidole cha mwisho yule mzee alisahau, akacheka, akakumbuka. Kabati aliisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinamisha kichwa. Kati ya zaidi ya saa mia tatu, dakika hizo nne ndizo zilizokuwa zimebaki.

"Imeingia," alisema.

Mwalimu alikuwa amekwisha kuichomoa simu, anaifunga tena kwenye leso. "Hii naondoka nayo."

"Ondoka nayo, Mwalimu. Nakala ikae mbali na nakala. Ningekuambia hivyo tangu siku ile."

Aliitikia kwa kichwa, akaenda mlangoni. Hapo aliliona lile koti lenye viraka, akalitoa kwenye msumari, akaliweka juu ya kiti.

"Vaa koti, Bwana Kabati. Humu kuna baridi."

Akalivaa. Alisubiri kidogo, labda angesikia lile neno kaka, lakini mlango ulikuwa umeshajifunga.