Vyerehani Vilivyoshona Hewa

Karakana ya shangazi yangu iko mtaa wa Nateete, juu ya duka la magodoro. Hushona sare za shule. Washonaji karibu wote ni wanawake Wakristo kutoka Kongo ya mashariki. Shangazi ni Mnubi, Mwislamu, nao humwita Hajati. Na mimi, mtoto wa kaka yake niliyemsaidia pale karakanani, nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada ya kompyuta na tabia ya kuuliza maswali mpaka watu wanahama meza. Kilichotukutanisha ni Kiswahili, kila mtu na chake.

Muhula mmoja sare zilichelewa, na shule moja ikatuhama. Shangazi akanunua mfumo wa kufuatilia kazi. Vijana waliouleta walimweleza kwamba kila cherehani kitafungwa kidude kwenye mota. Mota ikizunguka, mstari wa kijani unatokea kwenye simu yake, ikisimama, mwekundu. Niliwauliza kwa nini kuzunguka kwa mota kuitwe kazi. Wakatabasamu, wakaniachia vile vidude nivifunge mimi.

Tatizo lilionekana mapema. Shangazi, ambaye asubuhi hukaa kwenye duka lake la vitambaa, aliniita na kunisogezea simu.

"Hawa asubuhi wanafanya nini?"

"Wanasali, shangazi."

"Kusali najua. Muda wote huu?"

Wekundu ulikuwa mrefu kweli. Shangazi si mtu wa kuzuia ibada. Mwenyewe adhana ikilia humwacha mteja na kitambaa mkononi. Lakini alikuwa amepoteza shule, na aliogopa kupoteza ya pili. Akapanda karakanani, akawaambia kwamba wekundu ule ukiendelea mpaka Ijumaa, sala itahamia majumbani kwao.

Aliyeongoza sala alikuwa mshonaji wa kola, mwanamke mpana mwenye sauti ya kwaya, ambaye wenzake walimwita Mama Mukubwa.

"Hajati, kwa nyumba kila mutu anasali peke yake," alisema. "Ni hapa ndiyo tunajuana."

Shangazi alishuka ngazi.

Kesho yake wekundu ulitoweka. Simu ilikuwa kijani tangu mlango ulipofunguliwa, na shangazi alinisifu kana kwamba nimewaongoa watu. Mimi nilitazama rundo la mashati yaliyokamilika, nikaona ni lile lile la siku zote. Sina imani kubwa na sala, lakini na miujiza ya simu sina kabisa. Siku iliyofuata niliwahi.

Kwenye ngazi nilisikia mota zikinguruma, na juu ya ngurumo hiyo sauti ya Mama Mukubwa ikimwomba Mungu. Niliingia polepole. Walikuwa wameketi kila mmoja kwenye cherehani chake, macho yamefumbwa, mikono imeinuliwa. Nyuzi walikuwa wamezichomoa, na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Miguu tu ndiyo ilikuwa kazini, imekanyaga pedali.

Baada ya amina hawakuanza kushona. Mmoja alisema mtoto wake hakulala kwa homa. Mwingine alikuwa na mgeni kutoka kambi ya wakimbizi. Pale pale wakagawana: huyu atachukua mikono ya mashati ya yule, yule aondoke mapema. Nilikuwa nimefanya kazi nao miezi na sikujua kwamba zamu hupangwa hivyo.

"Mama Mukubwa," nikasema, "mnamdanganya nani?"

"Hatudanganye mutu, mutoto ya Hajati. Kidude yako iliomba miguu. Mungu yeye hajaomba miguu."

Wakacheka, na mimi pia, ingawa nilijua siku shangazi atakapohesabu mashati hakutakuwa na wa kucheka. Nikamwambia nitamleta shangazi aone mwenyewe. Alinitazama sana. "Mulete basi," akasema. "Lakini asikuje katikati ya wimbo."

Kesho yake shangazi alikuja, akasimama mlangoni na viatu mkononi kama aliyefika msikitini. Alisikiliza mpaka mwisho, habari za homa na za mgeni pia. Kisha akasema, "Umeme wangu."

Akatazama mota moja baada ya nyingine.

"Zimeni mota. Salini. Wimbo uwe mmoja, si tatu." Akanigeukia. "Na wewe, kiambie kidude chako kinyamaze saa hiyo."

Nilikaa na mfumo siku nzima. Haukuwa na mahali pa sala, wala pa watu kuulizana habari. Cherehani kikisimama, ulikubali sababu tatu tu: umeme umekatika, uzi umekwisha, matengenezo. Nilichagua ya tatu.

Juzi wale vijana walinipigia simu. Ripoti yao inaonyesha kwamba vyerehani vyetu vyote huharibika kila asubuhi, kwa pamoja, isipokuwa Jumapili. Walitaka kujua kama tunahitaji fundi.

Nikawaambia tunaye.