Cheti cha Kufuata Bibi

Nimechoka na Kijerumani. Nalisema mapema ili msomaji asitegemee kunikuta nikisifia lugha za watu. Kwa miaka mitatu nimepanda ngazi za jengo moja katikati ya Kampala, juu ya duka la mabomba na vyoo, nikijifunza kuwaomba radhi watu ambao sijawakosea.

Mke wangu ni nesi. Alipata kazi Ujerumani, akatangulia na binti yetu aliyekuwa na miaka mitano. Mimi nikabaki mtaani Kyebando, hapa Kampala, niwafuate karatasi zikikamilika. Iliyopungua ilikuwa moja tu, cheti cha Kijerumani. Siku ya kujiandikisha nilipanga foleni pamoja na vijana waliokuwa wakitafuta vyuo vikuu, wote wadogo kwangu. Karani, mama wa makamo mwenye miwani, akaniuliza kwa sauti ya sokoni:

"Ssebo, wewe nataka cheti gani? Ya kusoma ama ya kufuata bibi?"

Foleni ikacheka. Yeye wala hakuona kosa.

"Ya kufuata bibi ni ile ya chini kabisa. Miezi mbili, tatu, umemaliza."

Sasa, mimi nilizaliwa kambini. Baba yangu alikuwa sajini wa polisi, Mwislamu wa kaskazini, mama Mkristo, na Kiswahili ndicho kilichowakutanisha. Pale kambini mtu alipimwa kwa kozi aliyosoma. Aliyerudi na karatasi ya kozi ndogo aliitwa kuruta mpaka siku ya kustaafu. Na mwanamume kumfuata mke, hilo halikusemwa hata kwa mzaha. Uso ukanichoma.

"Ya kusoma," nikasema.

Uongo mtupu. Hakuna chuo kilichokuwa kikiningoja. Nilijiambia kwamba cheti kikubwa kina kidogo ndani yake, na ni kweli, ila sharti kwanza ukipate.

Sikukipata. Mwaka wa kwanza na wa pili iliishia madarasani, nikipanda daraja moja baada ya jingine. Nikafanya mtihani mkubwa mara mbili, na mara zote mbili nikaanguka kwenye kuzungumza. Uliwekwa mbele yangu mchoro wa matumizi ya maji majumbani, nikatakiwa nitoe maoni. Hata kwa Kiswahili sina maoni juu ya maji ya watu. Nikakaa nikiangalia mchoro, na watahini wawili wakaniangalia mimi.

Mke wangu alivumilia, kisha naye akachoka.

"Mzee, huku hakuna atakayeuliza cheti chako ni cha ngapi. Wanataka kile kidogo tu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Nilimjibu kwamba mimi siinami mbele ya karani. Naona aibu kuliandika jibu hilo, lakini ndilo nililompa.

Jumapili ndiyo ilikuwa siku yetu ya simu. Mwanzoni binti alimnyang'anya mama yake simu, akanisimulia theluji, mbwa wa jirani, na mwalimu anayekula karoti mbichi darasani. Baadaye akaanza kuyatafuta maneno ya Kiswahili, akisita katikati ya sentensi mpaka mama yake amsaidie. Mwaka huu imebaki "Ndiyo, baba" na "Sijui, baba". Nilijua kinachotokea. Nilijiambia nikifika nitakirekebisha, kama vile nilikuwa njiani.

Mwezi uliopita nilifanya ule mtihani mdogo. Karani alikuwa yule yule, hakucheka, wala hakunikumbuka. Niliketi chumba kimoja na mabibi harusi wapya, nikataja jina langu, umri, mtaa ninaoishi, nikaagiza mkate. Asubuhi moja yakaisha. Matokeo yalipotoka nilikuta nimefaulu vizuri mno, na hilo liliniuma kuliko kule kuanguka.

Jumapili iliyofuata nikapiga simu mchana, saa tisa za huku, kuwapa habari. Mke wangu alifurahi mpaka akalia. Akamwita binti aje ampongeze baba. Nikamsikia mtoto akijibu kutoka chumba cha pili, kwa Kijerumani cha haraka, kisicho na woga wowote:

"Mwambie nimelala."

Mama yake akarudi kwenye simu.

"Amelala," akasema.

"Basi usimwamshe," nikajibu, kwa Kiswahili.