Mugumo Usio na Kipande

Dada yangu Wambui aliniapia kwamba miti ya bustani ya Mzungu pale Nakuru ilivaa vipande, vile vitambulisho vya shingoni ambavyo baba zetu waliwaonyesha askari njiani, na mti uliokosa kipande ulikatwa papo hapo. Niliamini kabisa. Juzi nilipoona kibao cha bati kwenye mti, nilikumbuka mchana ule baba, mtunza bustani hiyo, aliponipitisha kwenye vijia vyake vilivyonukia majani mabichi. Mugumo mmoja, mti mkubwa wa jamii ya mkuyu, ulikuwa umeshika mbingu, nakwambia, na mbega kama mia wakirukaruka kileleni, mikia myeupe ikipepea. Lakini haukuwa na kibao kama miti mingine! Niliukumbatia nikalia, “Baba, tuufiche, askari wasiuone!”

Baba aliniinamia. “Hivyo ni vibao vya majina ya miti tu, mwanangu. Kipande tunabeba sisi watu.”