Niliongeza mwezi mmoja kwenye tarehe 31, Tata Mukendi akapoteza paa lake

Wakuu, salamu kutoka Kolwezi, Kongo. Wanaonijua humu wanajua nafungua nyuzi ili watu wacheke.

Huu sio wa kucheka, na sijauongezea chumvi.

Tulikuwa tunakaa Kasulo, mtaa ambao watu walichimba kobalti chini ya vitanda vyao. Tarehe 31 Januari ikaja barua: mgodi unachukua eneo, avenue yetu, yaani barabara yetu yote, ihame, muda mwezi mmoja. Baada ya hapo, tingatinga.

Kwetu ukihama unahama na nyumba. Unashusha mabati, unang'oa milango, unaenda kujenga kwingine.

Jirani yetu Tata Mukendi (tata kwetu ni baba), mzee wa asili ya Kasai, alishafukuzwa mji huu huu akiwa kijana, walipofukuzwa watu wote wa Kasai. Alilala stesheni wiki nzima akingoja treni.

Akanifuata, maana anajua nashinda kwenye kompyuta: "Weye mutoto wa ordinateur, siku ya mwisho ni gani? Mara hii mi sitatoka mbio."

Nikajigamba: "Tata, hata tingatinga litaniuliza mimi!"

Nikaandika code kwenye simu, JavaScript, mistari mitatu. Chukua tarehe ya barua, ongeza moja kwenye mwezi.

Jibu: tarehe 3 Machi.

Nikatangaza mlango kwa mlango kama nabii. Mama akashusha mabati yetu wiki moja kabla, maana hajawahi kuniamini. Tata Mukendi aliniamini. Akawaita wanawe watoke Fungurume tarehe 2 waje kushusha paa.

Tingatinga lilifika tarehe 1 asubuhi.

Wataalamu mshajua. Februari haina tarehe 31, ile iliishia tarehe 28. Code haikulalamika, ilizisukuma tu siku tatu zilizozidi hadi Machi.

Mzee alitoka na kiti kimoja na redio. Mabati yalikunjwa kama karatasi mbele yetu. Nikaanza kuyaokota huku nalia. Mimi!

Akasema, "Usilie, mutoto. Ile mara ingine habakutupatia hata tarehe."

Baadaye nikajaribu kinyume: tarehe 3 Machi, toa mwezi mmoja. Ikanipa tarehe 3 Februari. Hairudi ilikotoka. Ningefanya jaribio hilo dogo siku ile, ningeshtuka mapema.

Siku hizi nikiongeza miezi, naangalia kwanza kama siku hiyo ipo. Kama haipo, nasimama siku ya mwisho ya mwezi. Halafu natoa; nisiporudi nilikotoka, nahesabu tena kwa kidole kwenye kalenda.

Nyinyi mnafanyaje? Nitukaneni pia, ruksa. Tata Mukendi mpaka leo hajanitukana, na hilo ndilo linaloniuma.